Pamba, Baraza na Bunduki: kwa nini Msumbiji ilipigana na Usukuma haukupigana

Julai 1958 maelfu ya watu wa Geita walivuka ghuba wakaingia Mwanza mjini kumwona Mkuu wa Jimbo. Walikuwa wamewekewa baraza jipya la wilaya bila kuulizwa, na hawakulitaka. Walipiga kambi siku kadhaa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na baadhi yao wakaishia mbele ya hakimu. Tarehe 16 Juni 1960, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma, Wamakonde nao walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno wakitaka majibu kutoka kwa wakubwa. Walijibiwa kwa risasi.

Tangu Geita hadi bendera ya Tanganyika kupandishwa ilipita miaka mitatu na miezi mitano. Tangu Mueda hadi uhuru wa Msumbiji ilipita miaka 15, na 10 kati ya hiyo ilikuwa ya vita.

Wengi hueleza tofauti hii kwa tabia: Mwingereza alikuwa mpole, Mreno katili, na sisi watu wa Ziwa tumezoea amani. Maelezo hayo hayasimami. Waingereza hao hao walikuwa wametoka kuwapiga na kuwafunga Wakikuyu kwa maelfu, na Richard Turnbull, gavana aliyekabidhiwa Tanganyika Julai hiyo hiyo ya 1958, alikuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Kenya wakati wa Mau Mau. Wamakonde nao hawakuanza na bunduki. Walianza na ushirika wa pamba, vilevile kama Wasukuma. Tofauti iko kwenye njia alizokuwa nazo mkulima za kupeleka lalamiko lake: sokoni, barazani, na nje ya nchi kwa mtu aliye juu ya mtawala wake. Usukuma njia hizo zilikuwa nyembamba na zenye vizuizi, lakini zilipitika. Msumbiji zilizibwa zote, na vita vikaanzia hapo.

Zao moja, amri mbili

Ugomvi wa pamba na chakula anaujua kila mkulima wa Kwimba au Magu. Pamba hutaka kuwahi mvua, hutaka palizi mbili au tatu, na huchumwa kwa mkono, tunda kwa tunda. Mahindi na mtama hudai siku zile zile na mikono ile ile. Wasukuma walitatua jambo hili kwa namna iliyowaudhi mabwana shamba miaka yote: walipanda chakula kwanza, pamba ikasubiri. Mavuno ya pamba yalipungua, lakini ghala halikukaa tupu.

Kaskazini ya Msumbiji uamuzi huo haukuwa wa mkulima. Mwaka 1938 Lisbon iliunda bodi ya kusimamia pamba ya makoloni. Nchi ikagawanywa kwa kampuni, kila moja na eneo lake, na katika eneo hilo hapakuwa na mnunuzi mwingine. Kampuni ilileta mbegu, serikali ikaleta amri, na askari wa Kiafrika wa utawala wakapita mashambani kuhakikisha kila familia imelima kipande chake. Katikati ya miaka ya 1940 wakulima waliobanwa na mpango huu walizidi 700,000. Bei ilipangwa na serikali, chini ya bei ya dunia, ili viwanda vya nguo vya Ureno vipate malighafi rahisi. Aliyeshindwa kutimiza alipigwa viganja kwa kibao chenye matundu, au alipelekwa kwenye shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, ya barabara na mashamba ya wazungu. Kwa kuwa saa za kazi ziliishia kwenye pamba, watu waliacha mtama wakakimbilia muhogo, ambao haudai palizi nyingi. Njaa katika maeneo ya pamba ilikuwa tokeo la ratiba hiyo ya kazi zaidi kuliko la ukame.

Sisi wenyewe tuliwahi kuionja hali hii chini ya Wajerumani. Majimaji ilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kwa kung'oa miche ya pamba katika shamba la kulazimishwa. Usukuma haukuwamo katika vita hivyo kwa sababu pamba ya amri ya namna ile ilisukumwa zaidi kusini na pwani. Kwa hiyo hata mwaka 1905, aliyepigana na asiyepigana walitenganishwa na jinsi zao lilivyoletwa kwao.

Waingereza walipoipanua pamba ya Jimbo la Ziwa waliacha biashara mikononi mwa wanunuzi na wenye majineri (viwanda vya kutenganisha nyuzi na mbegu), wengi wao wakiwa Wahindi. Huku mkulima hakupigwa kibao. Aliibiwa kwenye mizani. Mbinu zilijulikana na kila mtu. Karani alisoma uzito peke yake, na mwenye mzigo hakujua kusoma. Uzito wa gunia ulikatwa kupita uzito wake halisi. Ratili za juu ya namba kamili ziliachwa. Pamba safi iliitwa fifi, yaani ya daraja la chini, ikalipwa bei ya fifi, kisha ikachanganywa na safi ndani ya ghala. Kumbuka kwamba kilo tatu hivi za pamba mbegu ndizo hutoa kilo moja ya nyuzi: mwenye jineri akipunja kidogo kwa kila mzigo, mwisho wa msimu ana marobota kamili ambayo hakuyalipia.

Jibu la kwanza la wakulima, mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa la kawaida kabisa: kuajiri wapimaji wao, wasimame sokoni na mizani ya pili. Kutoka hapo wakaenda kwenye kuuza pamoja. Paul Bomani, aliyekuwa ameshaongoza ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza, alizunguka kuwaunganisha. Serikali ilisita, ikakubali kuviandikisha vyama, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa Victoria Federation, yaani VFCU. Kufikia mwisho wa muongo huo ulikuwa unanunua pamba yote ya jimbo na una majineri yake.

Naona watu wengi hutaja VFCU kama habari ya uchumi tu. Ilikuwa zaidi ya hapo. TANU ilinyimwa usajili Usukuma tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Miaka hiyo yote mkulima alikuwa na mkutano halali wa chama cha msingi, aliochagua mwenyekiti wake, akakagua hesabu na kumwondoa karani mwizi. Waliojifunza kuendesha mikutano hiyo ndio waliokuja kuendesha matawi ya TANU zuio lilipoondolewa.

Mueda nao walijaribu. Lázaro Nkavandame na wenzake walianzisha ushirika wa wakulima wa pamba mwaka 1957, wakaupa jina la Kimakonde lenye maana ya kusaidiana. Ulifanikiwa haraka, na mafanikio hayo yaliwatia wakubwa wasiwasi. Idadi ya wanachama ikawekewa mpaka, viongozi wakafuatiliwa na polisi. Njia ya sokoni ikazibwa.

Nani yuko juu ya mtawala

Njia ya sheria ndiyo tunayoisahau zaidi, pengine kwa sababu inahusu makaratasi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kila miaka mitatu ujumbe wa kukagua ulikuja, na raia aliruhusiwa kuuandikia. Ujumbe wa 1954 ulithubutu kutaja muda wa uhuru, miaka 20 hadi 25, na tarehe 7 Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Uingereza ilikuwa na mahali pa kuulizwa.

Ureno ilikataa kuulizwa. Mwaka 1951 ilibadilisha katiba, makoloni yakaitwa majimbo ya ng'ambo, sehemu ya Ureno yenyewe. Ilipoingia Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1955 ilijibu kwamba haina koloni hata moja. Kwa hesabu hiyo Mmakonde anayedai uhuru hakuwa mlalamikaji, alikuwa mhaini anayetaka kukata kipande cha Ureno, na shauri lake lilikwenda kwa polisi wa siri, PIDE. Kulikuwa na sababu ya tumbo pia: Ureno ya mtawala Salazar ilikuwa nchi maskini, na pamba rahisi, forodha za bandari na fedha za vibarua waliopelekwa migodi ya Afrika Kusini ilizihitaji kuliko Uingereza ilivyohitaji chochote cha Tanganyika.

Kwa mwanga huo rudi Geita. Serikali ilitaka baraza la mseto, Waafrika, Wazungu na Waasia wakae pamoja, katika wilaya ambayo wasio Waafrika walikuwa watu wachache wa mgodini na madukani. Jambo hili liliangukia juu ya kidonda. Tangu 1947 mpango wa maendeleo wa Usukuma ulikuwa umewaletea watu amri za kuuza ng'ombe ili kupunguza mifugo, za matuta, za mbolea, na faini kwa asiyetii. Watemi walitumwa kuzisimamia, wakapoteza heshima kwa watu wao. Hasira ilikuwepo ya kutosha kuwasha moto.

Mambo mawili yaliuzuia. Kwanza, Nyerere na TANU walikuwa wametoka mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambako walikubali kwa shida kuingia uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Walijua fujo ingempa gavana sababu ya kukifuta chama, na viongozi wakawaambia watu wao hivyo. Pili, Turnbull aliyatazama makundi yale na kufanya hesabu. Alikuwa ameona Kenya gharama ya njia nyingine. Mpango wa baraza ukaachwa, na zuio la TANU Usukuma likaondolewa mwaka huo huo.

Mueda hakuna aliyefanya hesabu hiyo. Gavana wa wilaya alikuja, wasemaji wakakamatwa mbele ya umati, umati ukachemka, askari wakafyatua. Idadi ya waliokufa inabishaniwa: FRELIMO, chama kilichokuja kupigania uhuru wa Msumbiji, ilitaja karibu 600, na watafiti waliopekua majalada ya Wareno wanataja chache sana kuliko hizo. Ubishi huo haubadilishi kilichofuata. Watu waliokwenda kuzungumza walirudi wakijua kwamba mazungumzo hayapo.

Jinsi vita vilivyoendeshwa

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi na vibarua, UDENAMO, MANU na UNAMI, chini ya Eduardo Mondlane, msomi aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu Marekani. Vijana wa kwanza walikwenda Aljeria kwa mafunzo mwaka 1963, wengine wakafuata, wakarudi kambi ya Kongwa. Ilipofika tarehe 25 Septemba 1964, siku ya shambulio la Chai katika Cabo Delgado, wapiganaji waliokuwa tayari walikuwa kama 250.

Mpango ulikuwa kupiga mikoa minne kwa mara moja: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambezia. Miwili ya mwisho ilikufa ndani ya miezi. Sababu iko kwenye ramani. Cabo Delgado na Niassa zinapakana na Tanzania, lakini Tete na Zambezia zilihitaji kupita Malawi, na Kamuzu Banda alikataa. Mpiganaji asiye na mgongo wa kuegemea hupiga siku ya kwanza, siku ya kumi anaishiwa risasi, na mwanakijiji aliyempa chakula ndiye anayebaki kuadhibiwa. FRELIMO iliwaondoa watu wake, ikasubiri hadi Machi 1968 kuifungua tena Tete, safari hii kupitia Zambia.

Usafirishaji ndio ulioamua kasi ya vita hivi, na vitabu vingi hukipita kipengele hiki haraka mno. Silaha ziliteremshwa bandarini, zikaenda kusini kwa malori, zikavushwa Ruvuma usiku kwa mitumbwi. Baada ya mto hapakuwa na gari. Kila kombora na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani kwa siku nyingi, na wabebaji wengi walikuwa wanawake wa vijijini; mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake wenye silaha. Walipogeuka kurudi walibeba korosho, ufuta na karanga kuuza Tanzania, na kwa fedha hiyo zikaja chumvi, nguo, sabuni na majembe. Maduka ya Wareno yalikuwa yamefungwa. Chumvi ikikosekana kijijini, mpiganaji hupoteza kijiji kile bila risasi kupigwa.

Mwaka uligawanyika kufuata mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili majani yalikuwa marefu, barabara matope, ndege hazioni vizuri. Huo ulikuwa msimu wa FRELIMO. Kiangazi Wareno walitoka na malori na helikopta. Silaha iliyowaumiza zaidi ilikuwa bomu la ardhini, kwa kuwa walitegemea barabara chache za vumbi. Kila msafara ulitanguliwa na watu wanaochokoa udongo kwa vyuma, ukaenda mwendo wa mguu.

Wareno walijibu kwa kuwahamisha watu kwenye vijiji vya uzio, mamia ya maelfu ya watu, ili mpiganaji akose chakula na habari. Walijibu pia kwa kuchochea Wamakua dhidi ya Wamakonde, na hilo lilifanya kazi: kusini mwa mto Messalo vita vilikwama miaka mingi. Upande wa Niassa tatizo lilikuwa tofauti, nchi kubwa na watu wachache, wapiganaji wakatembea siku nyingi bila kukuta shamba.

Ugomvi wa ndani

Hatari kubwa zaidi kwa FRELIMO ilitoka ndani, na ilihusu biashara. Nkavandame, yule wa ushirika wa Mueda, alikuwa sasa kiongozi wa Cabo Delgado na msimamizi wa biashara ya maeneo yaliyokombolewa. Wapiganaji wakamlaumu kwamba maduka ya umma yanaendeshwa kwa faida ya wenyeviti, chumvi inauzwa ghali, na mwanakijiji anaona amebadilishiwa kampuni tu. Yeye naye aliona vijana wa kusini na wasomi wanakuja kutawala nchi ya Wamakonde waliobeba vita. Kila upande ulikuwa na hoja. Swali halisi lilikuwa kama vita ni vya kumwondoa Mreno peke yake au vya kubadili pia nani ananufaika na jasho la mkulima.

Mkutano mkuu wa pili, Julai 1968, ndani ya Niassa, uliegemea upande wa Mondlane na wapiganaji. Desemba mmoja wa makamanda wa jeshi, Paulo Samuel Kankhomba, aliuawa akivuka mpaka kuingia Cabo Delgado. Januari 1969 Nkavandame akavuliwa madaraka. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi Dar es Salaam, kikalipuka, akafa. Aprili Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno na kuwataka Wamakonde waache vita. Wachache sana walimfuata. Uongozi ulipita kwa watatu, Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel, na mwaka 1970 ukabaki kwa Machel.

Wareno walidhani wakati umefika. Katikati ya 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipeleka askari wapatao 35,000 Cabo Delgado katika operesheni waliyoiita Fundo la Gordio. Waliteka kambi kubwa na kuharibu maghala. Lakini ili kukusanya jeshi hilo kaskazini walilegeza sehemu nyingine, na FRELIMO haikungoja kupigwa. Ilisukuma nguvu Tete, ambako Wareno walikuwa wanajenga bwawa la Cahora Bassa kwenye Zambezi. Bwawa hawakulizuia, ila liliwafunga maelfu ya askari kulilinda pamoja na barabara zake. Mwaka 1972 vikosi vilikuwa vimefika Manica na Sofala, karibu na mashamba ya walowezi na reli ya Beira. Tarehe 16 Desemba 1972 askari waliua wanakijiji kwa mamia huko Wiriyamu, Tete, na mapadri waliokusanya majina ndio waliofanya habari ichapishwe London Julai 1973.

Mwisho ulitoka Lisbon. Ureno ilikuwa inapigana Angola tangu 1961 na Guinea-Bissau tangu 1963. Kijana wa Kireno alitumikia hadi miaka minne, na wengi walikimbilia Ufaransa. Maafisa wa ngazi ya kati, waliojua kwamba hakuna ushindi mbele, wakaipindua serikali tarehe 25 Aprili 1974. Jenerali Spínola, aliyewekwa juu, alitaka kusimamisha vita kwanza na kuzungumzia aina ya shirikisho baadaye. FRELIMO ilikataa kuweka silaha chini kabla neno uhuru halijaandikwa, na mapigano yakaendelea hadi Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974. Joaquim Chissano aliongoza serikali ya mpito, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Paul Bomani aliingia serikalini mwaka 1960, kabla hata ya uhuru, akawa waziri wa kilimo, kisha wa fedha, na baadaye balozi Marekani. VFCU ilivunjwa na serikali ya nchi huru mwaka 1968, baada ya tume ya 1966 kukuta wizi na ubadhirifu ndani ya vyama vya ushirika, na mahali pake ikawekwa Nyanza. Nkavandame alikamatwa baada ya Wareno kushindwa, akapelekwa kambi ya M'telela huko Niassa pamoja na Simango. Waliuawa huko bila kufikishwa mahakamani, na FRELIMO ilikaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kukiri.